Mafunzo ya mizigo hatari Unguja: dereva amefundishwa, mpakiaji amesahauliwa

Mafunzo ya kushughulikia na kusafirisha bidhaa hatari kwa njia ya barabara, ambayo kampuni yetu ilizoea kuwapeleka madereva wake Dar es Salaam kuyafuata, sasa yanatolewa hapa hapa Unguja na taasisi moja ya binafsi, na mimi niliyahudhuria pamoja na madereva ninaowasimamia. Kampuni yetu inapeleka mitungi ya gesi, dizeli ya majenereta na dawa za mabwawa ya kuogelea katika mahoteli ya Nungwi, Kendwa, Matemwe na Kiwengwa, kwa hiyo sikwenda kama mtazamaji. Hukumu yangu ni kwamba mafunzo haya ni mazuri, yana walimu wanaoijua kazi, na dereva atakayeyafuata kwa makini atarudi barabarani akiwa na macho mengine. Hata hivyo yametengenezwa kwa ajili ya dereva peke yake, ilhali katika kazi yetu hatari nyingi huingia garini kabla dereva hajashika usukani, kwa mkono wa mtu aliyepakia.

Sitaitaja taasisi hiyo kwa jina, kwa sababu mapungufu nitakayoyaeleza nimewaandikia wenyewe na ni haki yao kupewa nafasi ya kuyarekebisha. Nayaandika haya kwa ajili ya wenye magari, wasimamizi na madereva wa Unguja na Pemba wanaofikiria kulipia mafunzo ya aina hii, popote yanapotolewa, ili wajue wanachopaswa kukidai.

Sehemu ya mwanzo inaeleza bidhaa hatari ni zipi, na hapa walimu walifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Wengi wetu tunadhani habari hii inawahusu wenye maboza ya mafuta tu. Umoja wa Mataifa umezigawa bidhaa hatari katika madaraja 9, kuanzia vilipuzi hadi daraja la mwisho lenye vitu mchanganyiko kama betri za lithiamu, na kila bidhaa imepewa namba ya tarakimu 4 isiyobadilika kutoka nchi moja hadi nyengine. Petroli ni 1203, dizeli ni 1202, mafuta ya taa ni 1223, oksijeni ya mitungi inayokwenda hospitali ni 1072, asetilini ya mafundi wa kuchomea vyuma ni 1001, na taka za hospitali ni 3291. Mwalimu, ambaye sote tulimwita Maalim kama ilivyo desturi yetu, aliwataka washiriki waandike mizigo waliyoibeba katika wiki iliyopita, kisha akaipitia karatasi ya kila mtu na kuonesha namba zilizomo. Dereva mmoja kutoka Pemba, aliyekuwa na hakika kwamba yeye hachukui mzigo hatari wowote kwani kazi yake ni mbata, yaani nazi iliyokaushwa, alioneshwa kwamba mbata nayo imo katika orodha, kwa namba 1363, katika daraja la vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe. Mbata isiyokauka vizuri, ikarundikwa kwenye magunia na kufunikwa turubai, hujipasha joto kutoka ndani kwa sababu ya unyevu na mafuta yake, na joto hilo lisipopata pa kutokea linaweza kufika mahali pa kuwaka bila ya cheche yoyote. Yule dereva alikiri kwamba mara nyingi ametia mkono ndani ya gunia akalikuta lina joto, na kwamba hajapata kulihesabu kuwa ni jambo la moto. Kwangu mimi dakika zile chache zilistahili ada nzima.

Mtaala wenyewe umejengwa juu ya ADR, mkataba wa usafirishaji wa bidhaa hatari kwa barabara uliofikiwa Geneva tarehe 30 Septemba 1957, ukaanza kutumika mwaka 1968, na ambao hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka 2. Kuuchagua mkataba huo kuwa msingi ni uamuzi wa busara, kwa kuwa lebo na namba zake zinatokana na mapendekezo yale yale ya Umoja wa Mataifa yanayofuatwa na meli na ndege, na pipa lililobandikwa lebo kiwandani India linasomeka vile vile likishushwa katika bandari yetu ya Malindi, Unguja. Tulifundishwa kukisoma kibao cha rangi ya chungwa chenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30, ambacho namba yake ya juu inasema hatari ni ya aina gani na ya chini inasema bidhaa ni ipi. Boza la petroli huandikwa 33 juu na 1203 chini, na tarakimu ile 3 kurudiwa mara mbili maana yake ni kwamba uwezekano wa kuwaka ni mkubwa zaidi. La dizeli huandikwa 30 na 1202. Herufi X ikiitangulia namba ya juu, maji hayaruhusiwi kuugusa mzigo huo isipokuwa kwa ridhaa ya wataalamu. Maalim alikuwa akiinua kibao kimoja kimoja bila ya kusema neno, na aliyeoneshwa kidole alitakiwa aeleze atasimama upande gani wa upepo, atajaribu kuzima au ataondoka, na atamwambia nini askari wa Zimamoto kwenye simu. Kufikia mara ya tatu au ya nne madereva walikuwa wakijibu bila ya kusita, na hata wale wenye umri mkubwa ambao mwanzoni waliona wanafanywa watoto wa skuli walianza kuombana zamu.

Zoezi lililonigusa zaidi lilifanywa uwanjani. Maalim aliweka mfereji wa bati uliolazwa kwa mteremko, kichwani akaweka kitambaa kilicholowa petroli, na chini kabisa, mbali na kitambaa, akawasha mshumaa. Kwa muda hakikutokea kitu, na baadhi ya watu walianza kuzungumza mambo yao. Kisha moto ulipanda mfereji mzima kwa kasi, kutoka kwenye mshumaa hadi kwenye kitambaa, na watu wote wakarudi nyuma. Mvuke wa petroli ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa chini kama maji yanayotafuta bonde, na petroli huutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika joto letu la Kaskazi. Zoezi hilo hilo lilirudiwa kwa dizeli na hapakutokea moto, kwa kuwa dizeli huanza kutoa mvuke wa kuwaka ikiwa imepita nyuzi 55. Maalim hakutuacha tuifurahie tofauti hiyo. Alieleza kwamba dizeli ikitiwa katika tangi lililotoka kubeba petroli, mvuke uliobaki unaweza kuchanganyika na hewa kwa kiwango kinachokubali kuwaka, na kwamba umeme tuli unaozaliwa na mafuta yanapopita kwenye mpira unatosha kuuwasha. Kwa sababu hiyo boza tupu ambalo halijasafishwa hubaki na vibao vyake na huchukuliwa kuwa ni mzigo hatari, jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tukilizingatia tunapoyaegesha magari karibu na nyumba za watu usiku.

Somo la umeme tuli liliendelezwa hadi kwenye madumu, na ninawashukuru walimu kwa hilo, kwani ndipo yalipo maisha ya visiwa hivi. Petroli ya mashine za boti hujazwa kwenye madumu, na madumu hayo mara nyingi hujazwa yakiwa bado juu ya gari dogo la mizigo au yamefungwa nyuma ya pikipiki. Dumu lililokaa juu ya plastiki au zulia la gari halina njia ya kuupeleka umeme huo ardhini. Liwekwe chini kwenye sakafu ya kituo, bomba la pampu liguse mdomo wa dumu muda wote, na lisijazwe mpaka juu, kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto. Kila mvuvi aliyenunua petroli sheli anaweza kuufuata mwenendo huu leo, bila ya cheti na bila ya gharama.

Kuhusu gesi ya kupikia, mafunzo yalikuwa ya wastani. Ilielezwa vizuri kwamba mtungi husafirishwa ukiwa umesimama, kwa sababu ukilazwa vali yake ya usalama inakaa ndani ya gesi iliyo katika hali ya maji badala ya mvuke, na gesi hiyo ikivuja hutanuka takriban mara 250. Hata hivyo hatukuoneshwa namna ya kuifunga mitungi kwenye gari la wazi, na kamba tulizopewa zilikuwa za kufungia magunia.

Nilipoona jambo hilo ndipo nilipoanza kuyatazama mafunzo kwa jicho kali zaidi. Muda mrefu sana ulitumika kufundisha alama za mahandaki, kuanzia A hadi E, na barabara gani ya chini ya mlima inaruhusu mzigo gani. Unguja na Pemba hazina handaki hata moja. Wakati huo huo kanuni ya ADR inayowahusu wasafirishaji wengi wa Zanzibar kuliko nyengine yoyote, ile ya mizigo midogo, ilipitiwa kwa ukurasa mmoja tu. Kanuni hiyo inasema kwamba gari likibeba chini ya kiwango fulani halilazimiki kutimiza masharti yote ya boza, na kiwango hicho kwa gesi ya kupikia ni kilo 333 za gesi yenyewe, kwa petroli ni lita 333, na kwa dizeli ni lita 1,000. Mizigo ikichanganywa, kilo za gesi na lita za petroli huzidishwa mara 3, za dizeli hubaki kama zilivyo, na jumla haitakiwi kuvuka 1,000. Chukua mitungi 22 ya kilo 15, ambao ni mzigo wa kawaida kabisa wa gari letu la kwenda Nungwi. Gesi yake ni kilo 330, ukizidisha kwa 3 unapata 990, na bado uko ndani ya kiwango. Mwenye hoteli akipiga simu kuomba umpelekee na dumu moja la lita 20 la dizeli, jumla inakuwa 1,010, na kwa mujibu wa mkataba huo gari lile lile limekuwa gari la mzigo hatari kamili, lenye kuhitaji dereva mwenye cheti, vibao na vifaa vyote. Hesabu hii niliifanya mwenyewe wakati wa mapumziko na nikawaonesha wenzangu kwenye karatasi. Ilitakiwa ifanywe ubaoni, kwa mifano ya magari yetu, mpaka kila mtu aweze kuirudia kichwani.

Pengo jengine ni bahari. Hapa kwetu bidhaa hatari inayokwenda Pemba kutoka Unguja, au inayokuja Unguja kutoka Bara, lazima ipande chombo, na chomboni zinatawala kanuni nyengine, yaani kanuni za kimataifa za bidhaa hatari baharini zilizo za lazima tangu tarehe 1 Januari 2004. Tofauti ya kanuni hizo na ADR inaonekana wazi katika mizigo isiyotakiwa kukaa pamoja. Jedwali la ADR linashughulika zaidi na vilipuzi, na halikatazi moja kwa moja klorini ya unga kukaa gari moja na asidi. Kanuni za bahari zinaagiza vitengwe. Dereva anayetoka Wete au Mkoani anatakiwa azijue zote mbili, kwa sababu gari lililopakiwa kihalali kwa barabara linaweza lisiwe halali kuingia melini. Katika mafunzo haya meli haikutajwa ila kwa kupita.

Maalim, kwa maarifa yake mwenyewe na si kwa mtaala, aliliziba pengo la klorini na asidi, na hapa sina budi kueleza kwa urefu. Aliweka uwanjani vitu ambavyo kila mmoja wetu huvipeleka mahotelini: ndoo za klorini ya unga, madumu ya asidi hidrokloriki inayotumika kurekebisha maji ya bwawa, chupa za mafuta ya breki, mitungi mitupu ya gesi na gunia la mchele, kisha akawataka madereva wapakie gari dogo. Walipakia kama kila mtu anavyopakia, kizito chini na chepesi juu, kwa hiyo ndoo za klorini zikakaa chini, madumu ya asidi yakawekwa juu yake, chupa za breki zikachomekwa pembeni palipobaki nafasi, na mchele ukaegemezwa mgongoni mwa asidi. Maalim alilizunguka gari polepole, akagusa kifuniko cha dumu moja la asidi ambacho hakikukazwa sawasawa, na akauliza ni nini kilichopo chini yake. Asidi ikidondokea klorini ya unga huzaliwa gesi ya klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa mara 2 na nusu, hukaa chini walipo watu na huunguza mapafu. Baada ya hapo alitupeleka mbali, upande upepo unakotoka, akaonesha klorini kidogo ikikutanishwa na mafuta ya breki juu ya sahani ya chuma. Kwa muda ilikaa kimya, kisha ikatoa moshi, kisha ikalipuka moto pasipo mtu kuwasha chochote.

Hapo dereva mmoja, mtu mtulivu ambaye hakuwa akizungumza sana, aliinua mkono na kusema, "Maalim, yote haya nimeyafahamu, lakini mimi gari nalikuta limeshapakiwa na turubai limeshafungwa." Wengine wakaitikia kwamba hata wao. Maalim alimjibu kwamba asiondoke kabla ya kulifungua turubai na kukagua, jibu ambalo ni sahihi katika kitabu, lakini kila aliyekuwepo alijua hali ilivyo alfajiri ghalani, wakati magari manne yamepanga foleni, mwenye ghala anataka lango lifungwe, na wapakiaji ni vijana wa kutwa ambao leo wapo na kesho hawapo. Dereva hawezi kulipakua gari zima peke yake. Tena asiposomewa karatasi ya mzigo hatojua kilichomo kwenye madumu yaliyobanduka lebo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ADR yenyewe haikumsahau mpakiaji. Sura yake ya 1.3 inataka kila anayehusika na bidhaa hatari, awe mtumaji, mfungashaji, mpakiaji au mpakuaji, afundishwe kwa kiwango cha kazi yake kabla ya kuachiwa aifanye, na kama hajafundishwa basi afanye kazi chini ya usimamizi wa aliyefundishwa. Mafunzo ya cheti cha dereva yamo katika sura nyengine, ya 8.2. Taasisi hii imeichukua hiyo ya pili na kuiacha ya kwanza, labda kwa sababu cheti cha dereva ndicho kinachoulizwa na wateja na ndicho kinacholipiwa. Mwenye kampuni anayewapeleka madereva wake watano na kuwaacha wapakiaji wake kumi amenunua nusu ya usalama kwa bei ya mzima.

Katika habari ya ajali, darasa lilikumbushwa msiba wa Morogoro wa tarehe 10 Agosti 2019, pale boza la petroli lilipopinduka karibu na Msamvu, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Maalim alisisitiza kwamba kazi ya kwanza ya dereva aliyenusurika ni kuwaweka watu mbali, na mzigo unafuata baadaye. Kwa boza la petroli linaloungua, mwongozo wa dharura unaotumiwa Marekani na Kanada unataka watu waondoke umbali wa mita 800 kila upande, na kwa boza la gesi mita 1,600. Naomba wenye mamlaka waitazame ramani kwa umbali huo. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 800 lina ukubwa wa takriban hekta 200, ilhali eneo la Mji Mkongwe lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni hekta 96. Ina maana kwamba boza moja likiwaka karibu na Darajani, karibu mji wote wa kale pamoja na mitaa inayopakana nao unatakiwa uwe mtupu. Darasani hatukufika kuulizana watu hao wataambiwa na nani. Kwetu sisi mtu wa kwanza kupigiwa baada ya Zimamoto ni sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa, kwa sababu yeye anajua nani mgonjwa, nani mzee asiyeweza kutembea, na anaweza kuomba tangazo lipite kwenye vipaza sauti vya misikiti kwa dakika chache. Karatasi ya dharura tuliyopewa ina nafasi ya kuandika namba ya kampuni na ya polisi. Haina nafasi ya masheha wa njia anayoipita dereva, na kila kampuni inaweza kuiongeza kwa mkono wake.

Zoezi jengine lililopendeza lilihusu abiria. ADR hairuhusu mtu asiyekuwa wa kazi kupanda gari la mzigo hatari, na kwetu kumkatalia mtu lifti ni jambo zito, hasa akiwa mzee au jamaa. Maalim alijifanya mzee aliyesimama Bububu na kikapu chake, akamsimamisha dereva kijana: "Mwanangu, nipakie mpaka Mahonda, miguu hii haina nguvu tena." Kijana alimwamkia, akazima injini, akashuka, na akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, niwie radhi, gari hii ina mzigo wa moto na sina ruhusa ya kukuweka roho yako humu. Ngoja nikusimamishie gari ya abiria." Akamsimamishia kweli, kwa mchezo. Darasa zima lilimkubali. Nimeliona somo hilo kuwa ni la thamani kwa sababu lilifundisha kukataa kwa adabu zetu, na dereva aliyefundishwa hivyo hatopata kisingizio.

Uzimaji moto ulifundishwa vizuri kwa maneno na vibaya kwa vitendo. Gari lenye uzito unaozidi tani 7.5 linatakiwa liwe na jumla ya kilo 12 za unga wa kuzimia, na mtungi mmoja wapo usipungue kilo 6, jambo ambalo kila mmoja aliliandika. Lakini mitungi ya mazoezi ilikuwa michache, walioishika walikuwa wachache, na wengine tulitazama. Mtu ambaye hajawahi kuvuta pini na kuhisi mtungi unavyosukuma mkononi hajafundishwa kuzima moto, hata akiwa na alama za juu katika mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa rahisi kupita kiasi, maswali ya kuchagua jibu, na mengine majibu yake yalikuwa yamebandikwa ukutani.

Ukumbi ni wa kukodi, safi, na ratiba iliheshimu nyakati za sala. Vitabu viko kwa Kiingereza ingawa ufundishaji ni wa Kiswahili, na hilo liliwaumiza madereva wenye uzoefu mkubwa na elimu ndogo ya skuli. Ada si ndogo, lakini ukiondoa nauli ya meli na malazi ya Dar es Salaam bado mwajiri anapata nafuu. Anayefikiria kujiandikisha ajue pia kwamba cheti cha taasisi si kibali cha serikali. Kabla ya kulipa, aulize katika ofisi ya ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, kwa mambo ya mafuta na gesi na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar kwa mambo ya kemikali, ajue wanakitambua kwa kiwango gani. Katika utaratibu wa ADR cheti cha dereva hudumu miaka 5 na huhuishwa kwa mafunzo na mtihani mpya.

Barua niliyowaandikia iliomba mambo matatu: somo la mahandaki liondolewe na nafasi yake lipewe somo la kusafirisha mizigo baharini, hesabu ya mizigo midogo ifundishwe kwa magari ya hapa, na liwepo darasa la wapakiaji na watunza ghala, kwa Kiswahili, la muda mfupi, na kwa ada ambayo mwajiri hatoikwepa. Wamenijibu kwa heshima. Mahandaki watayapunguza, kuhusu bahari wanatafuta mwalimu, na darasa la wapakiaji wako tayari kulijaribu Unguja kwanza, kisha Chake Chake, waajiri wakijitokeza kwa idadi ya kutosha. Sisi tumeshapeleka majina ya watu wetu wote wa ghalani pamoja na vijana wa kutwa, na tumeomba siku ya kwanza ianze kwa ndoo za klorini na madumu ya asidi. Mwenye ghala au kampuni nyengine anayetaka kuongeza majina ayapeleke mapema, na akiwa anashughulika na mbata Pemba, aombe kabisa mbata iwekwe katika ratiba ya Chake Chake.